Waya Usio na Mwenyewe



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya hatari zilizo chini ya miguu yetu: shimo linaloporomoka, maji machafu, zebaki mikononi mwa wanaosafisha dhahabu. Mwezi huu ninawaomba muinue macho. Nataka tuzungumze juu ya waya uliovutwa hewani, na juu ya ndege ndogo inayopita chini-chini. Najua mwingine atasema: "Pasta, mimi sina ndege. Mambo ya ndege ni ya mapiloti." Lakini waya haukupanda wenyewe juu ya nguzo. Mtu aliupandisha. Na mara nyingi mtu huyo si rubani. Ni mtu wa kijiji, kama wewe na mimi.

NDEGE NDOGO NA SISI

Sisi wa Ituri hatuhitaji kufundishwa faida ya ndege ndogo. Miaka mingi barabara zetu zilifungwa na vita, mara ile ya Mahagi, mara ile ya Komanda, na mgonjwa wa kupasuliwa hakuwa na njia nyingine isipokuwa hewani. Wazee wanakumbuka jinsi ndege za MAF zilivyokuwa na makao yao Nyankunde, karibu na hospitali. Hospitali ile iliposhambuliwa Septemba 2002, watu wakakimbia, na baadaye kazi ya ndege hizo ikaendelea kutoka Bunia. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na kando-kando yake, waganga, dawa na vipimo vilihitaji kusafiri haraka, na ndege zilikuwa sehemu ya kazi ile.

Ndege hizi hazitui tu kwenye uwanja mkubwa wa Bunia. Zinatua kwenye viwanja vya majani ambavyo wakubwa wetu walivifungua kwa jembe, panga na vikapu vya udongo. Viwanja hivyo viko kati ya vilima, mashamba, masomo na makanisa. Na sasa, mahali pale pale, maendeleo yanafika: mtu analeta mashini ya kuran, kampuni ya simu inasimamisha mnara, kituo cha afya kinafunga antena ya foni. Yote ni mema. Lakini kila kimoja kinakuja na waya wake, na hapo ndipo shida inapoanza.

HABARI YA NG'AMBO YA ZIWA

Ukitoka Bunia ukapita Bogoro na kushuka mlima mpaka Kasenyi au Tchomia, unafika kwenye Ziwa Albert. Ng'ambo ile ni Uganda. Kule kuna bandari ndogo ya zamani inayoitwa Butiaba, na kaskazini yake mto Nile unaingia ziwani baada ya kuanguka kwa kishindo kwenye maporomoko ya Murchison.

Januari 1954, mwandishi wa Marekani aliyejulikana duniani kote, Ernest Hemingway, alikuwa anasafiri katika nchi zetu hizi pamoja na mke wake, Mary. Walikuwa na ndege ndogo aina ya Cessna 180, na rubani wao aliitwa Roy Marsh. Siku chache mbele walikuwa wamelala Costermansville, ndilo jina la zamani la Bukavu. Tarehe 23 Januari wakafika juu ya maporomoko ya Murchison. Wakazunguka chini-chini ili mama yule apige picha.

Ghafula kundi la ndege wa porini likatokea mbele yao. Rubani akashusha ndege ili kuwakwepa. Aliwakwepa kweli. Lakini mbele yake kulikuwa na waya wa telegrafu uliovuka bonde la mto. Ndege ikaugonga, ikaharibika propela na mkia. Rubani akajitahidi, akaiangusha polepole katikati ya vichaka. Mary alivunjika mbavu. Wakalala porini, tembo wakizunguka karibu nao.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili. Waya ule wa telegrafu ulikuwa umeachwa. Haukuwa unapeleka habari tena. Aliyeuvuta alikwisha kwenda zake, kazi yake ilikwisha, hakuna aliyeuhitaji. Lakini ulibaki palepale hewani, na ulikuwa na nguvu ya kutosha kuangusha ndege.

Kesho yake mashua iliyokuwa inapita mtoni iliwachukua mpaka Butiaba. Hapo wakapata ndege nyingine, kubwa kidogo, ya kuwatoa. Ilipoanza kukimbia ili kupaa, ikaanguka na kuwaka moto. Mary na Marsh walitoka dirishani. Hemingway, kwa kuwa alikuwa mtu mnene, aligonga mlango kwa kichwa na bega mpaka ukafunguka. Alivunjika fuvu, na ini na figo zake ziliumia. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kuandika kwamba amekufa, naye akapata nafasi ya kujisomea matangazo ya kifo chake. Mwaka ule ule alipewa zawadi ya Nobel, lakini hakwenda Sweden kuipokea, kwa sababu mwili haukuwa umepona. Aliishi na maumivu yale mpaka alipokufa mwaka 1961.

Waya ulioachwa na watu uliweza kumfanyia hivyo mtu aliyekuwa na fedha, rubani mzuri na ndege nzuri. Je, utamfanyia nini mama mjamzito aliyelazwa katika ndege inayotoka kijijini kwako?

SI JAMBO LA ZAMANI TU

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya wakati wa Wazungu. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri wa serikali mpya ya Kenya ilikuwa inaondoka kwenye kiwanja kidogo cha Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Walikuwa wametoka katika sherehe. Mara ilipopaa tu, iligonga nyaya za umeme na kuanguka. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, alikufa, na marubani wakafa. Mawaziri wengine waliumia. Furaha ya mchana ikawa kilio cha jioni.

Na kule Ulaya, tarehe 3 Februari 1998, ndege ya jeshi la Marekani ilikuwa inapita chini sana kati ya milima karibu na mji wa Cavalese, Italia. Ilikata kamba ya chuma iliyokuwa inabeba kibanda cha watu kutoka mlimani. Watu 20 waliokuwa katika kibanda kile walianguka na kufa wote. Ndege yenyewe iliumia bawa na mkia, lakini ilirudi kambini. Hapa tunajifunza upande wa pili wa jambo: mara nyingine wanaokufa si wale walio ndani ya ndege, ni wale walio kwenye waya au chini yake. Basi hatari hii ni ya wote wawili, anayeruka na anayetembea.

JUU YA NINI RUBANI HAONI WAYA?

Vijana huniuliza: "Pasta, sisi tunaona waya tukiwa hapa chini, piloti mwenye miwani na elimu atakosa kuuona namna gani?" Swali ni zuri. Sababu ziko nyingi.

Kwanza, wewe unatazama waya ukiwa chini, na nyuma yake kuna mbingu nyeupe. Rubani anautazama akiwa juu, na nyuma yake kuna msitu, majani na udongo. Waya mpya unang'aa, lakini baada ya miaka michache jua na mvua vinauvika rangi ya kijivu, na shaba inageuka kuwa ya kijani. Unafanana na nchi iliyo chini yake.

Pili, jicho la mtu haliwezi kupima umbali wa uzi mwembamba. Hata ukiuona, hujui kama uko mita 50 au mita 300.

Tatu, mwendo. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 180 kwa saa inapita mita 50 kila sekunde. Rubani akiona waya mita 200 mbele yake, amebakiwa na sekunde nne. Katika sekunde hizo aelewe, aamue, avute usukani, na ndege yenyewe ikubali kupanda. Sekunde nne ni muda wa kukohoa tu.

Nne, jua la asubuhi na la jioni linaingia machoni, na vumbi na wadudu vinachafua kioo.

Tano, kwenye bonde la mto nguzo zinasimama mbali, kilima hiki na kilima kile, zimefichwa na miti. Marubani wamefundishwa kutafuta nguzo, kwa sababu nguzo inaonekana kuliko waya. Wakiona nguzo wanajua kuna waya, na wanavuka juu ya nguzo yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wanapojua waya umefika juu kiasi gani. Kama nguzo imejificha, alama yao imepotea. Tena kwenye njia kubwa za umeme kuna waya mwembamba kuliko wote, unaopita juu kabisa ya nyingine kwa ajili ya kukinga radi. Rubani anaona zile nene, anapanda kidogo ili kuziruka, na kumbe anakwenda kugonga ule mwembamba.

Mtu atauliza: basi kwa nini wasipite juu? Kwa kweli sheria ya anga ya kimataifa inawakataza marubani wanaoruka kwa kutumia macho kushuka chini ya mita 150 kutoka nchi, na juu ya mji ni mita 300, isipokuwa wakati wa kutua na kupaa. Lakini tazama mambo yenyewe. Kila ndege lazima itue na lazima ipae. Mara nyingine mawingu yanaisukuma chini. Mara nyingine rubani anapita chini mara moja juu ya kiwanja kabla ya kutua, ili kutazama kama mbuzi wametoka na kama watoto wameacha mpira. Na kuna kazi ambazo haziwezi kufanyika juu. Mnakumbuka Februari 2020 nzige walifika kando ya Ziwa Albert, karibu na Bunia hapa, mara ya kwanza katika Kongo tangu 1944. Kule Kenya na Ethiopia ndege zilikuwa zinamwaga dawa ya nzige zikipita chini sana. Helikopta nazo zinatua po pote, hata kwenye uwanja wa mpira. Ndiyo maana mwisho wa miaka ya 1970 watu wa Kanada walitengeneza visu vya chuma vya kufungwa mbele ya helikopta, juu na chini, ili vikate waya kabla haujafika kwenye panga za kuzunguka. Visu hivyo vimeokoa watu. Lakini haviwezi kila waya, na ndege nyingi ndogo hazina.

KIKAO CHA NGUZO TISA

Niliitwa wakati mmoja kwenye kikao cha kijiji fulani cha machimbo. Sitataja jina la kijiji, wala la mwenye mashini. Mtu mmoja mwenye mali alikuwa ameweka mashini ya kuran kwenye kijito, na alitaka kupeleka umeme kwenye kituo cha afya na kwenye maduka. Neno jema! Mimi si mmoja wa wale wanaosema kwamba giza ni utakatifu. Lakini njia ya karibu ilipita mbele ya kiwanja cha ndege, hatua 80 hivi kutoka mwisho wake. Kuzunguka kulihitaji nguzo tisa zaidi na waya mrefu zaidi.

Mwenye mashini alisema: "Ndege inakuja mara moja kwa mwezi. Taa itawaka kila usiku. Mnachagua nini?" Watu wakanyamaza, kwa sababu neno lake lilikuwa na uzito. Mama mmoja, mzalishaji wa kituo, akasimama. Akasema: "Mimi ndimi ninayezalisha watu na tochi mdomoni. Hakuna mtu hapa anataka kuran kunipita. Lakini wale ninaoshindwa nao, ndege ndiyo inawachukua. Mukiniletea taa na kuniondolea ndege, nitakuwa ninawaona vizuri tu wakifa."

Basi tukafanya hesabu, na ninawapa hesabu hiyo ili nanyi muitumie. Kipimo cha kimataifa kwa viwanja vidogo kabisa ni hiki: ukianzia mita 30 kutoka mwisho wa kiwanja, kila mita 20 unazokwenda mbele, kitu kinaruhusiwa kuwa na urefu wa mita 1 tu. Nguzo yao ilikuwa na mita 8. Zidisha 8 kwa 20, unapata 160. Ongeza zile 30. Nguzo ile ilipaswa kuwa mita 190 kutoka mwisho wa kiwanja, na hiyo ni kama nchi iko sawa. Kama kiwanja kinatazama kilima, lazima kuwa mbali zaidi. Wao walitaka kuisimamisha kwenye mita 60 hivi. Mahali pale palikuwa hapafai kuwa na kitu kirefu kupita mita moja na nusu, yaani kimo cha mtoto wa shule.

Tena kumbukeni kwamba huku kwetu ndege inapanda kwa taabu. Bunia iko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, wakati Ziwa Albert liko mita 600 na kidogo. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na ikipata joto la saa nane mchana inakuwa nyepesi zaidi. Ndege iliyobeba mgonjwa, ndugu yake na mizigo inatumia kiwanja kirefu zaidi na inapanda polepole zaidi. Mahali ambapo asubuhi ingepita juu ya waya, mchana inaweza kukosa.

Walikubali kuzunguka. Vijana wakakata miti ya nguzo, wenye maduka wakachanga pesa ya waya, mwenye mashini akatoa siku zake. Sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Taa ilichelewa miezi miwili. Katika miezi hiyo mama yule aliendelea na tochi yake, na watu wengine walimsema vibaya. Lakini siku hizi kituo kina taa, na ndege inatua.

Jambo moja lilibaki. Upande wa pili wa kiwanja kuna waya mwingine, wa zamani, uliofungwa kati ya mti na nguzo ya chuma iliyopata kutu. Nikauliza: huu ni wa nani? Mmoja akasema wa kampuni ya zamani. Mwingine akasema wa foni ya misioni. Mzee mmoja akasema: "Hiyo waya haiko na kuran, Pasta. Itaua nani?" Hakuna aliyetaka kuugusa, kwa kuwa mwenyewe anaweza kurudi na kudai. Mpaka ninapoandika, waya ule uko palepale. Wamepaka nguzo yake rangi nyeupe na nyekundu, nao wamewaarifu marubani kwa redio. Ni vizuri, lakini haijatosha. Kila mara ninaposikia mlio wa ndege upande ule, ninaufikiri.

Katika nchi yetu nyaya za namna hii si chache. Wakati wa Kilo-Moto umeme ulitoka kwenye mitambo ya mto Shari, Soleniama na Budana, ukapelekwa mbali kwa nguzo. Kisha vita vikaja. Wezi wa shaba wanakata waya hapa, wanaacha mwingine unaning'inia pale. Foni za misioni na za hospitali zimebadilishwa na simu, lakini antena zake zimebaki kwenye miti. Haya yote ni ndugu wa ule waya wa Murchison.

MAMBO YA KUFANYA

1. Wazee na kamati ya kiwanja, tembeeni kwa miguu pande zote mbili za kiwanja, nusu kilomita kila upande. Andikeni kila waya, kila nguzo, kila mnara, kila mti mrefu. Waya wa kuanika nguo mahali pa kutulia ndege nao ni waya. Msiache kamba za chuma zinazoshika minara ya simu, kwa sababu zinakwenda mbali kuliko mnara wenyewe.

2. Mtu akitaka kuvuta waya karibu na kiwanja, akutane na kamati kabla ya kuchimba shimo la kwanza la nguzo. Ni rahisi kuhamisha shimo kuliko kuhamisha nguzo. Chifu na wenye kazi ya anga, kama RVA na Mamlaka ya Anga ya Kiraia, wajulishwe. Kama waya hauwezi kuzunguka, upitishwe ndani ya udongo na fundi anayejua kazi.

3. Waambieni marubani. Kila mara jambo linapobadilika, tumeni habari kwa redio au kwa simu kabla ndege haijaondoka. Mnara uliosimamishwa jana haujaandikwa kwenye karata yo yote.

4. Wekeni alama. Katika nchi nyingi kampuni za umeme zinafunga kwenye waya mipira mikubwa ya rangi ya machungwa, nyekundu au nyeupe. Ile yenye upana wa sentimita 60 inafungwa kila mita 30. Sisi tusio na mipira tunaweza kupaka nguzo rangi na kufyeka miti inayozificha. Lakini mtu asipande kufunga kitambaa kwenye waya wa umeme. Hiyo ni kazi ya fundi, kuran ikiwa imezimwa.

5. Waya usio na mwenyewe utafutiwe mwenyewe. Chifu atangaze mbele ya watu wote na kuandika karatasi, aweke siku. Siku ikipita, fundi apime kwanza kama waya umekufa kweli, kisha aushushe. Msiukate ninyi wenyewe. Waya uliovutwa sana ukikatwa unarudi kama nyoka, na unaoitwa mfu mara nyingine uko hai kwa sababu jirani ameufunga kwa siri.

6. Fungeni mbuzi na waiteni watoto mnaposikia ndege. Kiwanja kikiwa safi, rubani hahitaji kupita chini mara nyingi kutazama. Kila mara anayopita chini ni nafasi moja zaidi ya kukutana na waya.

IKITOKEA AJALI

Ndege ikikata waya wa umeme, kaeni mbali, mita 10 na zaidi, na msiguse waya wala kitu kinachougusa. Waya ulio chini unaweza kuua hata kama hautoi moto. Mtu mmoja akimbie kuzima kuran kwenye mashini. Kama waya uko juu ya ndege, walio ndani wabaki ndani mpaka kuran izimwe, isipokuwa moto ukianza. Hapo waruke miguu ikiwa pamoja, wasishike ndege na nchi kwa wakati mmoja, waondoke kwa hatua fupi-fupi bila kuinua miguu. Sigara na taa za moto ziwe mbali sana, sababu ya mafuta. Na yule anayekuja na mfuko ili kuokota vitu, mzuieni kwa aibu yenu wote.

NENO LA MWISHO

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna sheria ndogo ambayo wahubiri wengi tunaipita haraka. Mtu akijenga nyumba mpya ajenge na kizuizi kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba anajua mwisho wa dari yake hata gizani. Kizuizi ni kwa ajili ya mgeni asiyeijua. Hivyo hivyo na waya. Wewe uliyeuvuta unajua uko wapi. Yule anayetoka mbali, mwenye sekunde nne tu, hajui.

Kabla ya kufunga ukurasa huu, someni maswali haya nyumbani baada ya chakula cha jioni, watoto wakiwepo:

Je, kuna waya gani karibu na kiwanja chetu cha ndege, na mwenyewe ni nani?

Kama kuzunguka kiwanja kunahitaji nguzo tisa zaidi, nyumba yetu itachanga nini?

Je, kuna kitu cho chote tulichokiacha bila kukimaliza, ambacho kinaweza kumwumiza mtu tusiyemjua?

Kesho asubuhi, ukienda machimboni au shambani, pitia upande wa kiwanja na utazame juu. Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.